Machela bila chandarua kamili si kitanda cha usiku

Msomaji wangu, ukitembea siku hizi katika misitu na fuo zetu mwisho wa juma, kuanzia Kakamega hadi Shimba Hills, na kuanzia Kilifi hadi Watamu, huwezi kukosa kuona vijana wamejilaza katika vitambaa vilivyofungwa baina ya miti miwili. Wengi huvijua kwa jina la Kizungu. Mimi nitaviita machela, kwa kuwa ndilo jina la kile kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu na kuchukuliwa mabegani na wapagazi zamani za misafara. Najua kwamba ukisikia neno machela leo unafikiria wauguzi wakimkimbiza mgonjwa katika ujia wa hospitali. Hujakosea sana, maana habari ninayotaka tuzungumze ni jinsi mtu anavyoweza kushuka kutoka machela ya aina ya kwanza akapandishwa kwenye ya pili, kwa sababu ya mbu mmoja.

Sina ugomvi na machela yenyewe. Wenyeji wa visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini walikuwa wakilala humo zamani sana kabla Columbus hajafika kwao mwaka 1492, na mabaharia wa Ulaya wakaiga na kuitia katika meli zao. Faida zake ziko wazi. Anayelala kwenye machela hapambani na papasi wala nge wa ardhini, wala maji ya mvua hayamkuti ubavuni saa nane za usiku. Ni nyepesi, huingia katika mfuko usiozidi ukubwa wa mkate, na haihitaji mahali palipo tambarare. Kwa kijana mwenye nauli ya matatu tu na hamu ya kuona nchi yake, ni chombo cha maana.

Ninachopinga ni tabia iliyozuka ya kuuza na kukodisha machela tupu, yaani kitambaa na kamba mbili, kana kwamba hicho ni kitanda kamili. Katika kambi moja ya huko Pwani, ambayo sitaitaja, wageni hupewa machela na shuka, huonyeshwa minazi miwili, kisha hutakiwa usiku mwema. Ukiuliza habari za mbu unaambiwa upepo wa bahari huwafukuza. Upepo wa bahari hauchukui amri kwa mwenye kambi. Hutulia unapotaka, na mbu wana subira.

Hebu fikiria jinsi unavyolala nyumbani. Kitanda kina pande sita: juu, chini, kichwani, miguuni, kushoto na kulia. Upande wa chini umekwisha kulindwa na godoro, na hakuna mbu aliyeumbwa na mdomo wa kupenya godoro. Ndiyo maana chandarua cha nyumbani hakina sakafu. Unakiteremsha, unakichomeka chini ya godoro pande zote, na kazi imekwisha. Machela haina godoro. Mgongo wako, makalio na mapaja yamelalia kitambaa kimoja cha nailoni, pengine chembamba kuliko shati ulilovaa, nacho kimevutwa na uzito wako hadi kikagandamana na ngozi. Mdomo wa mbu hupita hapo bila taabu. Basi mtu huja na chandarua chake cha nyumbani, akakitundika juu ya machela, akajiona mjanja, kisha akaamka asubuhi uso ukiwa safi na mgongo umejaa vipele kutoka mabegani hadi kiunoni.

Vipele si neno. Neno ni malaria.

Mbu wanaoeneza malaria ni wa jamii ya anofelesi, na anayeuma ni jike pekee, kwa sababu huhitaji damu ili atage mayai. Kazi yake huifanya zaidi kati ya magharibi na alfajiri, saa zile zile ambazo wewe umelala machelani umepoteza fahamu. Maeneo ambayo malaria imekita mizizi nchini mwetu ni yale ya kandokando ya Ziwa Victoria, magharibi ya nchi, na Pwani. Yatazame tena maeneo hayo, msomaji. Ndiyo yale yale ambayo vijana wa Nairobi, Nyeri na Nakuru huyapenda kwa matembezi ya likizo.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Mtu mzima aliyekulia Siaya au Kwale ameumwa na mbu wenye malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejenga kinga fulani. Si kinga ya kumzuia asiugue kabisa, lakini mara nyingi humwepusha na ugonjwa mkali. Kijana aliyezaliwa na kulelewa Nairobi au Nyandarua hana hata chembe ya kinga hiyo. Hata yule aliyezaliwa Siaya, akiishi mjini miaka mingi bila kuambukizwa, kinga yake hupungua. Anarudi likizoni akidhani yeye ni mwenyeji, analala nje kwa raha zake, na vijidudu vinamkuta mwilini hana mlinzi. Mama mjamzito ndiye asiyepaswa kufanya mchezo huo hata kidogo, kwa vile malaria humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni.

Sasa tuje kwenye chandarua. Chandarua cha kawaida cha nyumbani, cha mstatili, kina urefu wa kama sentimita 180 au 190. Machela ya mtu mzima, ukiipima toka kifundo hadi kifundo, hukaribia au kufika mita 3. Kwa hiyo ukikitundika, ncha za machela zitatokeza nje mbele na nyuma, na pindo litabaki likining'inia hewani. Mbu hupandia chini. Hatafuti mlango mwingine.

Chandarua kinachofaa machela ni kile kinachoizunguka yote, juu na chini, kama mfuko mrefu ulio wazi ncha mbili, ambao kila ncha hukazwa kwa kamba juu ya kamba ya machela. Viwandani hutengenezwa na huuzwa, lakini si lazima usubiri vya ng'ambo. Nunua kitambaa cha chandarua kwa mita, umpelekee fundi wa cherehani mtaani kwako. Mwambie ashone bomba lenye urefu unaozidi machela yako kwa nusu mita hivi, na upana wa kutosha ili likizungushwa lisikuguse popote, hata chini ya mgongo unapolala na machela ikabonyea. Kila ncha akunje pindo la kupitishia kamba. Ubavuni atie zipu ndefu ya kukuwezesha kuingia na kutoka. Zipu ikikosekana, basi unaweza kuingilia ncha moja na kuifunga kutoka ndani, ingawa ni kazi ya sarakasi kidogo na usiku wa manane utaichukia.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kamba ya juu. Kabla ya kufunga chandarua, funga kamba nyembamba kutoka mti mmoja hadi mwingine, juu ya machela, iwe imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Chandarua kikae juu ya kamba hiyo ili kisikuangukie usoni. Chandarua kinachogusa ngozi, hasa kisichotiwa dawa, ni sawa na kutokuwa nacho, maana mbu hutua nje na kuingiza mdomo katika tundu. Kiwiko, goti na vidole vya miguu ndivyo huumia kwanza. Juu ya kamba hiyo hiyo unaweza kutandaza turubai la kuzuia mvua, ukaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Kuna machela zinazouzwa zikiwa zimeshonewa chandarua upande wa juu pekee, chenye zipu. Hizo ni nzuri na ni rahisi kutumia, lakini hazijatibu mgongo. Mwenye nayo anahitaji kuweka kitu kati ya ngozi yake na mbu. Godoro jembamba la sponji lililolazwa ndani ya machela linafaa, ingawa huteleza usiku ukigeuka. Afadhali ile machela yenye kitambaa cha chini mara mbili, ambayo godoro huingizwa katikati na kutulia. Njia nyingine ni kufunga shuka nzito au leso mbili zilizoshonwa pamoja chini ya machela, zikiwa zimelegea, ili pabaki nafasi ya vidole vinne baina yake na kitambaa ulicholalia. Kinachokulinda hapo ni ile nafasi. Usizikaze zikagusana na mgongo. Wanaopiga kambi nyanda za juu wanaijua mbinu hii kwa sababu nyingine: baridi ya machela hutoka chini, na mtu anaweza kujifunika blanketi tatu juu bado akatetemeka mgongo. Kule karibu na Mlima Kenya, juu kabisa, adui ni baridi wala si mbu. Lakini shuka ni ile ile.

Halafu kuna dawa ya kutia kwenye chandarua na kwenye kitambaa cha machela. Dawa inayotumika sana kwa nguo na vitambaa vya kambi ni permethrini, ambayo ni ya jamii iliyobuniwa kwa kuiga sumu iliyo katika ua la pareto. Ua hilo sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa na mtu. Wakulima wa Molo, Kinangop na Kisii wamelilima kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nchi yetu iliongoza ulimwengu kwa kuliuza. Mbu anayetua kwenye kitambaa kilichotiwa permethrini hufa au huondoka kabla ya kuuma. Fuata maelezo ya kwenye chupa, tia dawa ukiwa mahali penye hewa, na usilalie kitambaa mpaka kikauke kabisa. Dawa hiyo huua samaki, na ikiwa mbichi huweza kumuua paka. Kwa hiyo usifulie chandarua chako mtoni wala ziwani, na usikianike juani siku nzima, kwa kuwa jua huimaliza nguvu dawa. Kianike kivulini.

Nina neno moja kali juu ya suala la chandarua, na naomba usiudhike. Usiondoe chandarua juu ya kitanda cha mtoto wako au cha mdogo wako ili ukapige kambi nacho. Nasema hivi kwa sababu nimeyaona. Tangu 2006 serikali imekuwa ikigawa vyandarua vyenye dawa kwa wingi katika maeneo yenye malaria, na hesabu yake ni chandarua kimoja kwa watu wawili, wala hakuna cha ziada cha matembezi. Na wala si chombo cha kudharauliwa. Katika utafiti uliofanywa Kilifi kati ya 1993 na 1995, watoto waliolala katika vyandarua vyenye dawa walipungukiwa na vifo kwa asilimia 33, na waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Hicho ndicho unachokikunja na kukitia mkobani. Kitambaa kipya cha mita chache hakiwezi kukushinda ikiwa machela haikukushinda.

Ukishakuwa na chandarua kamili, kilichobaki ni nidhamu. Kifunge mapema, kabla jua halijatua, wala usingoje giza likukute ukipapasa. Mara tu ukikifunga, ziba zipu hata kama hujaingia. Unapoingia, kaa kitako kwanza, pangusa miguu, vuta miguu ndani, funga. Kisha washa tochi na ukague ndani pembe kwa pembe. Mbu mmoja aliyefungiwa nawe humo ana usiku mzima wa kula bila kusumbuliwa, na ni heri yule aliye nje. Ukiamka kwenda msalani, anza upya. Na zile saa za kuota moto, kutoka saa moja jioni hadi saa nne usiku, ambazo watu hukaa kwa kaptura wakipiga gumzo, chandarua hakikusaidii kitu. Vaa suruali ndefu na soksi. Nimewaona watu wanaolinda kichwa kwa kofia na kuacha vifundo vya miguu wazi, ilhali mbu wengi wa malaria hupendelea kuuma miguu.

Mbu si mdudu wa pekee. Katika msitu kama wa Kakamega, siafu hutembea kwa majeshi, na kamba ya machela kwao ni daraja. Kabla ya kuchagua miti, zunguka kila mmoja ukiangalia chini na juu: njia ya siafu, kichuguu, mzinga wa nyuki, tawi lililokauka. Kisha paka mafuta mazito ya mgando kwenye kamba, urefu wa kiganja, au zungushia kitambaa kilichotiwa permethrini. Wapo wanaotumia kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Hufanya kazi, lakini hukauka na huwa hatari penye moto. Jivu la moto kuzunguka shina ni desturi ya zamani, na lina msaada wake mvua isiponyesha.

Kichuguu nimekitaja kwa makusudi. Huko Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit, Wajir na sehemu za Kitui kuna usubi, inzi mdogo mno, kama theluthi moja ya mbu, ambaye hueneza ugonjwa wa kala-azar. Usubi hujificha mchana ndani ya vichuguu, nyufa na mashimo ya wanyama, na hutoka jioni. Ugonjwa wake hauna haraka. Huja baada ya wiki nyingi au miezi, kwa homa isiyoisha, kukonda, na kuvimba kwa bandama, na usipotibiwa huua. Chandarua cha kawaida chenye matundu 156 kwa kila inchi mraba humzuia mbu, lakini usubi hupita humo kama mtoto anavyopita chini ya seng'enge. Anayekwenda maeneo hayo atafute kitambaa cha matundu madogo zaidi, akubali kwamba hewa itakuwa nzito, na akitie dawa. Na asifunge machela wala kukaa jioni karibu na kichuguu, hata kiwe na kivuli kizuri namna gani.

Wa tatu ni yule anayeitwa nzi wa Nairobi, mwekundu na mweusi, ambaye kwa kweli si nzi bali ni mbawakawa. Haumi. Ukimponda juu ya ngozi ndipo hutoa maji yanayounguza, na asubuhi yake unaamka na alama kama ya kuchomwa kwa pasi. Huzidi baada ya mvua kubwa, na huvutwa na mwanga. Basi usiku usisome kwa taa ndani ya chandarua. Akitua juu yako, mpulize au mwondoe kwa karatasi, kisha uoshe mahali hapo kwa sabuni na maji. Wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi huko Homa Bay na Kisumu nao hufuata taa, lakini hao hawaumi, hujaza tu pua na sufuria ya ugali.

Na mchana je? Wengi hudhani usingizi wa alasiri machelani hauna madhara. Kwa malaria ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini mbu mwenye madoadoa meupe miguuni, aitwaye aedesi, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, naye hueneza homa ya dengi na chikungunya. Lamu ilipata mlipuko wa chikungunya mwaka 2004, Mombasa ikapata dengi mwaka 2013 na chikungunya tena mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Kwa hiyo Pwani chandarua kifungwe hata unapojipumzisha baada ya chakula cha mchana.

Sasa nizungumzie yale ambayo watu hunieleza kwa uhakika mwingi. Mmoja hula vitunguu saumu. Mwingine humeza vidonge vya vitamini. Wa tatu ameweka katika simu yake programu inayotoa mlio wa kufukuza mbu. Hayo yote hayafukuzi mbu, na vifaa vya milio vimechunguzwa mara kadha bila kuonekana kumzuia mbu hata mmoja asiume. Koili ya kuchoma, ile ya kijani, ina nguvu katika chumba. Nje, moshi wake huenda uendako upepo. Kuileta chini ya machela yenye chandarua cha nailoni ni kuwasha moto chini ya kitanda chako mwenyewe, na wapo wanaofanya hivyo. Moshi wa kuni hupunguza mbu kwa wanaoukalia karibu, nao hupunguza pumzi vile vile.

Mafuta ya kupaka yanafaa, mradi usome kibandiko. Tafuta yale yenye DEET au ikaridini ya asilimia 20 au zaidi. Jipake kwenye ngozi iliyo wazi, si chini ya nguo, na usiyapake kwenye mikono ya mtoto atakayeitia mdomoni. Kama unapaka pia mafuta ya kukinga jua, hayo ya jua yatangulie. Lakini mafuta huisha nguvu baada ya saa kadhaa, na wewe unataka kulala saa nane. Mafuta ni ya kukufikisha kwenye chandarua salama. Hayachukui nafasi yake.

Narudi kwa wenye kambi. Maoni yangu ni kwamba katika maeneo ya malaria, machela isiyo na chandarua cha kuzunguka pande zote isikodishwe kwa mtu wa kulala usiku, kama vile mashua isivyotakiwa kuchukua abiria bila majaketi ya kuokolea maisha. Serikali za kaunti ndizo hutoa leseni za biashara hizi, na maafisa wake wa afya ya umma hukagua vyoo na jikoni. Kukagua chandarua kutawachukua dakika tano. Walimu wanaopeleka wanafunzi kambini waulize swali hilo kabla ya kulipa chochote, na mzazi amuulize mwalimu. Nimesikia hoja kwamba gharama itapanda. Itapanda kweli, kwa bei ya kitambaa na zipu.

Wala hili si anasa ya watalii. Machela na chandarua vimejaribiwa mahali ambapo watu hulala hivyo kwa lazima. Miongoni mwa Wayanomami wa Venezuela, ambao hulala katika machela maisha yao yote, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba vyandarua vya machela vilivyotiwa dawa vilipunguza maambukizi mapya ya malaria kwa zaidi ya nusu. Vietnam nayo ilivijaribu kwa wakazi wa misituni, na vikasaidia. Hapa kwetu tuna mabawabu, wavuvi wanaongoja alfajiri ufuoni, wachungaji na walinzi wa mashamba ya mpunga kule Ahero. Hao wote hulala nje au hukesha nje, na vyandarua tunavyowagawia vimepimwa kwa kitanda kilicho chini ya paa. Wanaopanga ugawaji ujao wangewauliza watu hao wanalala wapi hasa, nadhani wangeshona vyandarua vya namna mbili.

Mwisho nikuambie la kufanya ukirudi. Malaria haiji asubuhi ya pili. Tangu kuumwa na mbu hadi homa ya kwanza hupita siku 7 au zaidi, aghalabu wiki moja na nusu au mbili. Wakati huo umekwisha kurudi mjini, machela imo kabatini na picha zimetazamwa na kusahauliwa. Unaanza kuumwa kichwa, viungo vinalegea, unasikia baridi, nawe unasema ni mafua ya Nairobi. Unakunywa tembe za maumivu siku tatu. Kwa mtu asiye na kinga, siku hizo tatu zinatosha malaria kuwa kali na kupanda kichwani.

Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, muulize daktari kama unahitaji dawa za kukinga. Baada ya kurudi, kwa muda wa miezi mitatu, homa yoyote uichukulie kuwa malaria mpaka damu ipimwe. Nenda siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu ya kidoleni na jibu hupatikana kabla hujamaliza gazeti. Na mhudumu wa afya akikuuliza unaishi wapi, usimjibu Umoja au Lang'ata ukanyamaza. Mwambie ulilala nje, wapi, na usiku ngapi, hata kama hakuuliza.